Vinasaba Havijui Saa

Mwaka 2008 mahakama moja mjini Melbourne, Australia, ilimtia hatiani kijana mzaliwa wa Somalia kwa kosa la kubaka na kumhukumu kifungo cha miaka sita. Mwanamke aliyedaiwa kubakwa alikutwa hajitambui ndani ya choo cha ukumbi wa starehe, mlango umefungwa kwa ndani. Hakukumbuka chochote. Hakupatikana mtu hata mmoja, si mlinzi, si mhudumu, si mteja, aliyemwona kijana huyo ukumbini, ingawa kwa umri wake na rangi yake asingepita pale bila kutazamwa. Yeye mwenyewe alisema usiku ule alikuwa nyumbani, kando ya kitanda cha baba yake mgonjwa mahututi, akisoma Kurani, na watu wa familia yake wakamuunga mkono. Dhidi yake kulikuwa na kitu kimoja tu: vinasaba vyake ndani ya sampuli iliyochukuliwa kwa mwanamke yule hospitalini. Kitu hicho kimoja kikayafuta yote mengine.

Desemba 2009 hukumu ilibatilishwa, kijana akiwa amekaa gerezani zaidi ya mwaka mzima. Iligundulika kwamba takriban siku moja kabla ya sampuli ile kuchukuliwa, daktari huyohuyo aliyeichukua, katika kitengo kilekile, alikuwa amechukua sampuli kwa mwanamke mwingine ambaye kijana huyo alikuwa amekutana naye kimwili, katika shauri ambalo halikufika mahakamani. Chembe zake zilihama kutoka kwa mwanamke huyo mwingine hadi kwenye sampuli za yule wa ukumbini. Frank Vincent, jaji mstaafu aliyepewa kazi ya kuchunguza kisa hicho, aliripoti mwaka 2010 kwamba kwa uwezekano mkubwa hata ubakaji wenyewe haukutokea. Mtu alifungwa kwa kosa ambalo huenda halikuwapo, na ripoti ya maabara iliyomfunga haikuwa na kosa la kikemia. Vinasaba vile vilikuwa vyake kweli.

Nimeishi na kazi ya uchambuzi wa vinasaba miaka mingi, na msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji ajue ninaposimama. Sina ugomvi na sayansi ya vinasaba. Katika zana zote za uchunguzi wa jinai, hakuna iliyopimwa na kuhojiwa kama hii. Ugomvi wangu ni juu ya mzigo tunaoutwika. Vinasaba hujibu swali moja: chembe hizi ni za nani? Havijui zilifikaje pale. Havijui saa. Havijui kama aliyeziacha alikuwa na kisu mkononi au alikuwa anasalimia. Kwa hiyo nasema bila kuyumba: hakuna mtu anayepaswa kutiwa hatiani kwa ripoti ya vinasaba peke yake, hata iwe na tarakimu zenye sifuri nyingi kiasi gani.

Tuanze na jinsi tulivyofika hapa. Septemba 1984, katika Chuo Kikuu cha Leicester nchini Uingereza, Alec Jeffreys aliona kwamba kuna sehemu za vinasaba zinazojirudiarudia, na idadi ya marudio hayo hutofautiana baina ya mtu na mtu. Miaka miwili baadaye polisi wa mkoa huohuo walimpelekea sampuli za mauaji ya wasichana wawili. Walikuwa na kijana aliyekiri kuua mmoja, wakataka kipimo kithibitishe kwamba aliua wote wawili. Kipimo kikasema wasichana wote wameuawa na mtu mmoja, na mtu huyo si kijana aliyekiri. Naomba jambo hili lisisahaulike: mara ya kwanza vinasaba kutumika katika shauri la mauaji, vilimwokoa mtu. Muuaji, Colin Pitchfork, alikamatwa mwaka 1987, na hata hapo alikuwa amekwisha kulipita zoezi la kupima damu za wanaume wa eneo lile kwa kumshawishi mfanyakazi mwenzake akatoe damu kwa jina lake. Alinaswa kwa sababu mwenzake huyo alisimulia baa na mtu akasikia. Sikio la binadamu ndilo lililokamilisha kazi ya maabara.

Wakati ule ulihitajika wingi. Doa la damu linaloonekana kwa macho, au manii ya kutosha. Ubaya wake ulikuwa kwamba sampuli nyingi hazikutoa jibu. Uzuri wake ni kwamba doa lenyewe lilikuwa na hadithi. Bwawa la damu kwenye shati la mtu linahitaji maelezo. Kisha ikaja mbinu ya kunakilisha vinasaba, aliyoibuni Kary Mullis na iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Sasa kipande kidogo hurudufiwa hadi kufikia mamilioni ya nakala, na mashine ikakisoma. Seli moja ya binadamu ina vinasaba vyenye uzito wa pikogramu 6 hivi. Vipimo vya kawaida huridhika na nanogramu moja, yaani seli zisizofika hata 200. Mtu anaweza kuacha nyingi kuliko hizo akishika kitasa cha mlango.

Hapo ndipo maana ya ushahidi ilipobadilika, na mahakama nyingi hazikubadilika nayo. Kadiri kipimo kinavyoweza kusoma kidogo zaidi, ndivyo kinavyosoma mambo mengi zaidi yasiyohusu kosa. Fikiria kofia ngumu ya bodaboda inayovaliwa na vichwa kumi kwa siku. Fikiria bomba la kushikilia ndani ya daladala, kanga iliyoazimwa msibani, noti ya shilingi elfu moja. Mwaka 2012 huko California mtu asiye na makazi alikamatwa kwa mauaji ya tajiri mmoja kwa sababu vinasaba vyake vilipatikana chini ya kucha za marehemu. Alikaa mahabusu miezi kadhaa, adhabu ya kifo ikimning'inia. Wakili wake alipofukua kumbukumbu, ilionekana kwamba usiku wa mauaji mtuhumiwa alikuwa amelazwa hospitali, amelewa chakari. Ilikuwaje? Wahudumu wa gari la wagonjwa waliomchukua mtaani ndio haohao walioitwa, saa chache baadaye, nyumbani kwa marehemu. Maelezo yanayoaminika ni kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kupima oksijeni: kilitoka kwenye kidole cha mmoja kikaenda kwenye kidole cha mwingine. Maabara haikukosea hatua hata moja. Na bado, bila karatasi ya hospitali, mtu yule pengine asingetoka.

Sasa njoo kwenye tarakimu, maana ndizo zinazowanyamazisha watu mahakamani. Mchambuzi huandika hivi: uwezekano wa mtu mwingine, asiye na undugu na mshitakiwa, kuwa na mpangilio kama huu ni 1 kati ya 1,000,000. Hakimu husikia hivi: uwezekano kwamba mshitakiwa si mhusika ni 1 kati ya 1,000,000. Sentensi hizi zinafanana kama pacha, lakini hazina hata udugu wa mbali. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania, na kati yao wanaume ni zaidi ya milioni 30. Kwa tarakimu hiyo ya mchambuzi, nchini mna wanaume kama 30 wenye mpangilio huo. Ukiondoa ushahidi mwingine wote, mshitakiwa ni mmoja wao tu. Ushahidi mwingine, kwamba alikuwapo eneo lile, kwamba alimfahamu marehemu, kwamba alikutwa na simu yake, ndio unaoweza kupunguza 30 wakawa mmoja. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ililitolea mwongozo kosa hili la hesabu mwaka 1996, katika rufaa za Doheny na Adams, ikaelekeza tarakimu ziwasilishwe kwa namna isiyomhukumu mshitakiwa kabla ya hukumu. Bado nalisikia kila mara, na wanaolifanya si watu wabaya. Ni watu wenye haraka.

Nitajibiwa kwamba siku hizi hatusemi milioni, tunasema bilioni. Kweli. Vipimo vya sasa husoma sehemu nyingi zaidi. Marekani, kwa mfano, ilipandisha idadi ya sehemu za lazima katika hifadhi yake ya taifa kutoka 13 hadi 20 mwaka 2017. Lakini tarakimu ikishafika bilioni, imepoteza kazi yake. Hatari iliyobaki haiko tena kwenye kufanana kwa watu wawili wasiojuana. Iko kwenye bahasha mbili zilizobadilishana lebo, glavu moja iliyogusa sampuli mbili, mtu aliyeandika namba 7 ikasomwa 1. Hatari hiyo haiwezi kuwa 1 kati ya bilioni mahali popote penye binadamu. Kumpa hakimu tarakimu ya kwanza bila kumtajia ya pili ni kumwonyesha kufuli madhubuti la mlango wa mbele huku dirisha la nyuma likiwa wazi.

Na yale maneno "asiye na undugu" hayakuwekwa pale kama pambo. Ndugu wa baba na mama mmoja huwa na vinasaba vingi vinavyofanana. Pacha wa kufanana hawatofautishwi kabisa na kipimo cha kawaida. Katika vijiji ambako koo tatu zimeoana vizazi na vizazi, na katika jamii zetu za pwani ambako binamu kuoana ni jambo la kawaida na la heshima, watuhumiwa wanaowezekana mara nyingi ni wa damu moja. Hesabu inayomlinganisha mshitakiwa na mtu baki wa Mwanza haina msaada ikiwa swali la kweli ni: yeye, au mtoto wa baba yake mdogo anayekaa nyumba ya tatu?

Kuna wanaoamini kwamba mashine haina upendeleo, kwa hiyo matokeo hayana upendeleo. Kwa doa safi la mtu mmoja, nakubali. Kwa mchanganyiko wa watu watatu au wanne, kama inavyotokea kwenye mpini wa panga au kwenye nguo, mashine hutoa milima ya mistari kwenye karatasi, na ni jicho la mtu linaloamua upi ni wa nani na upi ni kelele tu. Mwaka 2011 Itiel Dror na Greg Hampikian walichapisha jaribio ambalo nalifundisha kila mwaka. Walichukua mchanganyiko kutoka shauri halisi la ubakaji la jimbo la Georgia, ambalo wachambuzi wake walisema mshitakiwa hawezi kuondolewa. Wakawapa wachambuzi 17 wa maabara nyingine bila kuwaambia habari yoyote ya kesi. Mmoja tu ndiye aliyekubaliana na wale wa kwanza. Wanne walisema haiwezekani kuamua. Kumi na wawili walisema mshitakiwa hamo. Karatasi ileile. Tofauti ni kwamba wale wa kwanza walikuwa wanajua nani amekwisha kumtaja mshitakiwa. Mimi pia nimewahi kupigiwa simu na mpelelezi akaniambia, kwa nia njema kabisa, "Huyu tumeshampata, amekiri, tunasubiri karatasi yako tu." Baada ya maneno kama hayo mlima mdogo kwenye karatasi huanza kuonekana mkubwa. Hayo yalinipata mimi mwenyewe.

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani nataka kuwasaidia wahalifu watoroke. Kuna kosa la upande wa pili, na kwetu ndilo linaloumiza watu wengi zaidi: imani kwamba pasipo na vinasaba hapana kosa. Mawakili wa utetezi huuliza kwa sauti kubwa: mbona hakuna kipimo? Mama anaambiwa kituoni kwamba bila kipimo kesi ya mwanawe haina miguu. Sheria haisemi hivyo. Mahakama ya Rufani ya Kenya ilieleza wazi katika AML dhidi ya Jamhuri, mwaka 2012, kwamba ubakaji hauthibitishwi kwa kipimo cha vinasaba bali kwa ushahidi. Tanzania tuna Selemani Makumba dhidi ya Jamhuri, ya mwaka 2006, inayosema ushahidi wa kweli wa kosa hilo hutoka kwa aliyetendewa. Mtoto aliyeogeshwa na bibi yake kwa uchungu na aibu, mwanamke aliyefika hospitali siku ya tano kwa kukosa nauli, aliyezungushwa kutafuta fomu ya polisi ya PF3, hawa hawana sampuli ya kutoa. Ukosefu huo hauna maana kwamba wanasema uongo. Ushahidi unaokosekana kwa sababu haukuchukuliwa si sawa na ushahidi uliotafutwa kwa wakati na kwa ustadi ukakosekana, na ripoti inapaswa kusema ni upi kati ya hayo mawili.

Nina kumbukumbu moja ambayo haijanitoka. Nilipokea mfuko mmoja wa plastiki, ndani yake gauni la mtoto na suruali ya mtuhumiwa, vimekunjwa pamoja vikiwa bado na unyevu. Nilipima. Vinasaba vya mtuhumiwa vilikuwa kwenye gauni. Matokeo yalikuwa sahihi na hayakuwa na thamani yoyote, kwa sababu safari ya saa kadhaa ndani ya mfuko ule ingetosha kuyaleta. Niliandika hivyo. Kama mtoto yule alitendewa lile alilolisema, basi kilichomnyima ushahidi wake ni mfuko, na kama mtu yule hakutenda, mfuko huohuo ulikaribia kumfunga. Aliyefungasha hakuwa mzembe. Alitumia alichokuwa nacho, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba nguo yenye unyevu ikifungwa kwenye plastiki huota ukungu na vinasaba huharibika, kwamba hukaushwa kivulini kwanza, kwamba kila nguo hukaa kwenye bahasha yake ya kaki.

Mahakama zetu zina silaha kwa hili. Katika shauri la Paulo Maduka na wenzake, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitaka mnyororo wa utunzaji wa kielelezo uonekane kwa maandishi: nani alikikamata, nani alikipokea, kilikaa wapi, kilihamishwaje. Baadaye mahakama hiyohiyo imelegeza, ikasema mnyororo kukatika hakuui kesi pale kielelezo kinapokuwa kitu kisichobadilika wala kuchezewa kwa urahisi. Kwa gari au ng'ombe naona mantiki yake. Kwa kijiti cha pamba, hapana. Sampuli ya vinasaba hubadilika bila mtu kuigusa kwa nia mbaya, kwa joto, kwa unyevu, kwa chafya. Hapa mnyororo ungepaswa kukazwa kuliko kwa kielelezo kingine chochote, na natamani siku moja Mahakama ya Rufani iseme hivyo kwa maneno hayo.

Yanayohitajika hayana gharama kubwa kama watu wanavyodhani. Muuguzi anayemhudumia mwathirika asimguse mtuhumiwa siku hiyohiyo, na wawili hao wasipande gari moja la polisi. Mara ngapi tumeona wamekaa kiti kimoja cha nyuma! Vinasaba vya kila anayeshika sampuli, kuanzia polisi hadi mfagiaji wa maabara, vihifadhiwe kwa ajili ya kuwaondoa kwenye hesabu matokeo yanaposomwa. Ujerumani ilijifunza hili kwa aibu: kwa miaka polisi wake walimsaka mwanamke ambaye vinasaba vyake vilionekana katika matukio kama 40, ndani ya Ujerumani, Austria na Ufaransa, likiwamo la mauaji ya askari mjini Heilbronn mwaka 2007. Mwaka 2009 ikajulikana kwamba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza vijiti vya pamba. Vijiti vilikuwa vimetakaswa, lakini utakasaji huua vijidudu, hauondoi vinasaba.

Maabarani, mchambuzi asome doa la eneo la tukio na kuandika hitimisho lake kabla hajauona mpangilio wa mshitakiwa, wala kusikia nani amekiri. Nasi tuna sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009. Taratibu kama hizi zinaweza kuingizwa kwenye kanuni zake bila kusubiri Bunge. Mahakamani, ripoti isipokelewe kama hati ya kiwanja. Sheria inaruhusu ripoti ya mchambuzi wa Serikali ipokelewe bila yeye kufika, lakini pia inampa hakimu uwezo wa kumwita. Pale vinasaba vinapobeba kesi, aitwe kila mara, na aulizwe mambo yanayomhusu: sampuli ilikuwa nyingi kiasi gani, ni ya damu au ya ngozi tu, ilikuwa ya watu wangapi, na je, matokeo haya yangekuwa tofauti kama mshitakiwa na mlalamikaji walikuwa wameshikana mikono asubuhi ile? Swali hilo la mwisho sijawahi kuulizwa na wakili hata mmoja. Wakili wa kupangiwa na mahakama, anayelipwa kidogo na kupewa jalada jioni ya kuamkia kesi, hawezi kulijua bila mtaalamu wa upande wake, na mtaalamu huyo sharti alipwe na mfuko uleule unaomlipa wakili.

Sampuli nayo ibakizwe. Marekani, taasisi ya Innocence Project iliyoanzishwa mwaka 1992 na Barry Scheck na Peter Neufeld inahesabu watu zaidi ya 370 waliosafishwa na vinasaba baada ya kufungwa, na baadhi yao waliokolewa na kitambaa kilichosahaulika stoo. Sisi tuna desturi ya kuamuru vielelezo viteketezwe mara hukumu inaposomwa. Nusu ya kila sampuli ikae hadi rufaa ya mwisho iishe, kwenye jokofu lenye umeme wa uhakika.

Na iwepo rejista. Yule kijana wa Melbourne hakuokolewa na mashine mpya. Aliokolewa na kumbukumbu za kawaida kabisa za kitengo: mgonjwa gani alikuja lini, saa ngapi, akahudumiwa na daktari yupi. Mtu alizilinganisha akaona jina la daktari mmoja mara mbili katika siku mbili. Hospitali ya wilaya inaweza kuanza kuweka kumbukumbu hizo Jumatatu ijayo kwa kaunta buku moja na kalamu.